Uzi: Kipilefti au taa pale njia panda ya Uyole? Tujadili faida na hasara

Nsalaga Juu (mwanzisha uzi)

Mugonile wanajukwaa. Ninaleta hoja moja nikiwa tayari kusahihishwa. Kwa maoni yangu, makutano ya Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapochomoka kutoka TANZAM (barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia), yanastahili kipilefti, yaani mzunguko wa magari, na si taa za kuongozea magari, na lawama nyingi ambazo watu wa Mbeya huvitupia vipilefti ni lawama za tabia zetu tunazozihamishia kwenye zege.

Nina sababu tatu. Kwanza, kipilefti hakihitaji umeme. Umeme ukikatika saa moja jioni taa zinakufa na kila dereva anajitungia sheria yake, ilhali mduara unabaki pale pale ukifanya kazi yake. Pili, katika njia panda ya kawaida ya miguu minne, yaani inapokutana barabara za pande nne, wataalamu huhesabu pointi 32 ambapo njia za magari hukatana na kuweza kuzaa ajali. Ukiweka mzunguko wa njia moja, yaani wenye safu moja ya magari, pointi hizo hubaki 8. Tatu, hata wakigongana, magari hugusana kwa mwendo mdogo na kwa pembe ndogo, badala ya mmoja kumvaa mwenzake ubavuni. Mamlaka ya barabara kuu ya Marekani inakadiria kwamba makutano ya taa yakibadilishwa kuwa mzunguko, ajali zenye vifo au majeruhi hupungua kwa takribani asilimia 78. Sasa kwa nini watu wetu wanavichukia?

Viazi Mviringo

Kwa jina langu hili, ninalazimika kuunga mkono chochote chenye umbo la duara.

Lakini nikiacha utani, Nsalaga Juu amehesabu magari tu. Mimi nauza viazi, navuka barabara nikiwa na vijana wanaobeba lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, kichwani, na mtu mwenye lumbesa hawezi kugeuza shingo kuangalia kulia wala kushoto. Taa nyekundu inamsimamisha dereva hata kama hanipendi. Kipilefti hakimsimamishi mtu yeyote; kinamwomba tu apunguze mwendo, na ombi si amri.

Mhandisi Mpole

Shukrani kwa uzi. Naomba nimsahihishe mwanzisha uzi kwa upole, kama jina langu linavyodai. Hesabu ya 32 dhidi ya 8 ni sahihi, ila ni ya makutano ya miguu minne. Uyole, kwa barabara zake kuu, ni makutano ya miguu mitatu: upande wa Dar es Salaam, upande wa Mbeya mjini na upande wa Tukuyu. Makutano ya namna hiyo yana pointi 9 za mgongano wa magari, na mzunguko wa miguu mitatu una 6. Faida ipo, lakini si ile ya kupunguza robo tatu uliyotuuzia.

Tena hesabu hizo zote ni za mzunguko wa njia moja. TANZAM inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, kwa hiyo mzunguko wowote utakaowekwa juu yake utakuwa wa njia mbili, na mzunguko wa njia mbili una pointi nyingi zaidi, kwa sababu gari lililo njia ya ndani hulazimika kumkata wa njia ya nje linapotaka kutoka. Ajali ndogondogo za kukwaruzana huongezeka hapo, ingawa za kuua bado huwa chache.

Kwa Viazi Mviringo: kivuko kwenye mzunguko uliosanifiwa vizuri hakiwekwi mdomoni. Husogezwa nyuma kiasi cha urefu wa gari moja kutoka kwenye mstari wa kupisha, ili dereva amalizane na wewe kwanza, kisha ndipo ashughulike na magari ya ndani. Katikati ya barabara kunawekwa kisiwa cha kusimama, kwa hiyo unavuka upande mmoja, unapumzika na mzigo wako, unavuka wa pili. Mwendo wa magari hapo hauzidi sana kilomita 30 kwa saa, na mtu akigongwa kwa 30 mara nyingi hupona. Akigongwa kwa 60, kupona ni bahati.

Viazi Mviringo

Mhandisi, umesema “uliosanifiwa vizuri”. Hilo neno “vizuri” ndilo lenye lumbesa.

Mzee wa Semi

Salaam kwenu vijana. Nimeendesha semi kwa miaka 22 kati ya bandari ya Dar es Salaam, Tunduma na Kasumulu, kwa hiyo sizungumzi ya kusikia.

Mnapozungumza kuhusu kipilefti, mnafikiria gari dogo. Mimi nikiingia, kichwa kinazunguka vizuri, lakini matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya kichwa; yanakata kona kwa ndani na kupanda ukingo. Gari lenye uzito wa tani 56, ambazo ndizo ukomo wa kisheria kwa ekseli saba, likipanda ukingo upande mmoja huku kontena likiwa limeelemea upande wa pili, matokeo yake mnayajua. Wabeba mafuta wana shida kubwa zaidi: unakunja kushoto kuingia, kulia kuzunguka, kushoto tena kutoka, na mafuta ndani ya tangi yanacheza kila unapobadili upande. Taa ina usumbufu wake, maana kusimamisha mzigo na kuuondosha tena katika gia ya kwanza kunakula dizeli na klachi, lakini angalau nimenyooka.

Mwaka mmoja, katika mji ambao sitautaja, nilikuta mduara mdogo kiasi kwamba tanboi (msaidizi) wangu alilazimika kushuka na kuniongoza kama ninaegesha uani kwa mtu. Nyuma yangu foleni ya kutosha harusi mbili.

Mhandisi Mpole

Shikamoo Mzee. Tatizo ulilolieleza lina dawa inayojulikana: kuzunguka kile kisiwa cha katikati ya mduara hujengwa mkanda wa zege au mawe, umeinuka sentimita chache tu, wenye rangi tofauti na lami. Matairi ya tela yanaruhusiwa kuupanda, lakini gari dogo linaukwepa kwa kuwa unatikisa. Hivyo mduara unabaki mwembamba kwa gari dogo na mpana kwa semi.

Mzee wa Semi

Marahaba. Huo mkanda ni mzuri. Baada ya wiki mbili utakuwa stendi ya bajaji.

Bajaji Namba Tatu

Nilijua tutafikiwa. Ninapinga kwa heshima zote. Bajaji husimama mdomoni mwa makutano kwa sababu abiria hushuka mdomoni mwa makutano, na abiria hushuka hapo kwa sababu daladala na Kosta humwaga watu hapo. Mkijenga vituo vya kushushia mita 100 kabla ya mduara, mtatukuta huko. Mkijenga mduara peke yake, tutakuwa kwenye mduara. Sisi ni kama maji, tunafuata bonde.

Mwalimu wa Leseni

Nimefundisha udereva Iringa na Mbeya, na kwa maoni yangu jibu la swali la mwanzisha uzi ni fupi: kanuni haijulikani. Niliwahi kuwauliza wanafunzi 14 wa darasa moja, baadhi yao wakiwa tayari wanaendesha bila leseni, nani ana haki ndani ya kipilefti. Wanane walisema ni yule anayetoka barabara kubwa. Watatu walisema ni mwenye gari kubwa. Mmoja alisema ni yule aliyepiga honi kwanza. Wawili tu ndio waliojibu kwamba unampisha aliye kulia kwako, yaani aliye tayari ndani, kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto na kuzunguka kufuata mwendo wa mishale ya saa.

Indiketa nayo ni somo jingine. Anayetoka njia ya kwanza huonyesha kushoto tangu anaingia. Anayekwenda moja kwa moja huonyesha kushoto akishapita njia iliyo kabla ya yake. Anayekwenda kulia huonyesha kulia, halafu kushoto anapotaka kutoka. Dereva anayengoja hana njia nyingine ya kujua nia yako. Wengi wetu huwasha indiketa baada ya kukata kona, kama taarifa ya habari.

Kaka wa Sokomatola

Mwalimu, naomba kukupinga. Vipilefti vilianzia Paris, pale kwenye lile tao kubwa ambapo barabara 12 zinakutana, na hadi leo hapo anayeingia ndiye mwenye haki, si aliye ndani. Kwa hiyo hao madereva wetu wanaoingiza pua kwa nguvu wanafuata asili.

Mwalimu wa Leseni

Ndugu yangu, umeshika ukweli kwa mkia. Ni kweli kwamba pale Place de l'Étoile aliye ndani humpisha anayeingia. Kanuni yao inasema mpishe anayetoka kulia kwako, maneno yaleyale kama yetu. Lakini wao huendesha upande wa kulia na huzunguka kinyume cha mishale ya saa, kwa hiyo anayetoka kulia ni yule anayeingia. Kwetu sisi anayetoka kulia ni yule aliye ndani. Sentensi moja, matokeo mawili yanayopingana.

Na kuhusu asili, New York walikuwa na mzunguko wa Columbus Circle tangu mwaka 1905, miaka miwili kabla ya ule wa Paris.

Mhandisi Mpole

Naongezea kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Mizunguko ya zamani, ya New York na ya Paris, ilikuwa inafunga. Anayeingia akiwa na haki, magari hujaa ndani hadi hakuna anayeweza kutoka, na aliye ndani asipotoka, wa nje naye haendi popote. Waingereza walihangaika na jambo hilo kwa miaka mingi, hadi mwaka 1966 walipoifanya kuwa sheria kwamba anayeingia ndiye anayepisha. Kuanzia hapo foleni ikabaki nje, mduara ukawa huru. Mhandisi wao Frank Blackmore ndiye aliyeendelea hadi kubuni mizunguko midogo, na mwaka 1972 mji wa Swindon ukapata mzunguko mmoja wenye mizunguko midogo mitano ndani yake.

Kwa hiyo kipilefti ambacho kanuni yake haifuatwi ni kama tumerudi mwaka 1905.

Kaka wa Sokomatola

Mizunguko mitano ndani ya mmoja! Wakiileta hapa Mbeya nitahamia kijijini.

Nimekubali kusahihishwa kuhusu miaka. Kuhusu kuingiza pua, bado: ukiwa unatoka barabara ndogo na ukasubiri kupewa nafasi, utalala hapo.

Njia Panda Makambako

Kaka amegusa jambo ambalo Mwalimu amelipita. Si kila foleni inatokana na ujinga wa madereva. Mimi naishi Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea inakutana na TANZAM. Mzunguko hugawa nafasi kwa haki pale tu ambapo magari ya pande zote yanakaribiana kwa wingi. Upande mmoja ukimwaga malori mfululizo, yule wa pembeni haoni mwanya wa kuingia, hata kama kila dereva anaifahamu sheria kwa moyo. Lori la mbao kutoka Njombe linahitaji mwanya mkubwa kuliko pikipiki. Taa inaweza kuambiwa: wape hawa sekunde 40 na wale sekunde 20. Mduara hauambiwi kitu.

Nimewahi kusoma kwamba mzunguko wa njia moja humudu takribani magari 25,000 kwa siku, na zaidi ya hapo unaanza kulemewa. Kabla ya kubishana, kuna mtu aliyehesabu magari ya Uyole?

Nsalaga Juu (mwanzisha uzi)

Swali zuri, na sina jibu lake. Lakini bado hamjaniambia kwa nini kipilefti hufunga hata saa nne asubuhi ambapo magari ni machache.

Bajaji Namba Tatu

Kwa sababu ya trafiki. Nitalisema mimi kwa kuwa nimeshazoea kulaumiwa. Magari yanazunguka vizuri, askari anafika, anasimama katikati, anaita upande mmoja dakika tano nzima, pande nyingine zinajaa hadi nyuma. Akiita upande wa pili, mduara tayari umejaa wale wa kwanza. Ni yaleyale aliyosema Mhandisi kuhusu kufunga, ila yanaletwa kwa filimbi.

Mwalimu wa Leseni

Ninakubaliana nusu. Askari haji kwenye mduara unaotembea. Huja kwa sababu umeshafunga, na umeshafunga kwa sababu watu hawakupisha. Unamlaumu daktari kwa kukutwa hospitali.

Bajaji Namba Tatu

Mwalimu, kuna madaktari wanaokuja na ugonjwa wao.

Dada wa Miyomboni

Ukitaka kuona mabishano haya yamevuka mpaka, tazama Nairobi. Uhuru Highway ina mfululizo wa mizunguko mikubwa, imewekewa taa, na juu ya taa kuna askari. Dereva ana mabwana watatu na hajui amtii yupi. Mwaka 2015 kaunti ilipanga mapipa kwenye mizunguko kadhaa ili kuzuia magari yasikate kulia, kwa matumaini kwamba wanaokwenda moja kwa moja watapita haraka. Waliotaka kukata kulia walilazimika kwenda mbele kutafuta pa kugeukia. Dar es Salaam nao hatimaye walipandisha magari juu: TAZARA mwaka 2018, Ubungo mwaka 2021. Pengine makutano yakishafikia ukubwa fulani, si mduara wala taa inayotosha.

Kamwene Ipogolo

Kamwene nyote. Ninashangaa kwamba tumefika hapa na hakuna aliyetaja milima, wakati uzi huu ni wa Nyanda za Juu Kusini. Carmel ya Indiana, mji wa Marekani unaosifika kwa kuwa na mizunguko zaidi ya 150, umekaa juu ya ardhi tambarare. Sisi huku Iringa mjini tuko juu ya mlima, na TANZAM inapita chini, Ipogolo. Gari linaloshuka kutoka mjini linafika chini likiwa limetumia breki njia nzima. Mbeya nako mna Mlima Nyoka, mna mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, mnajua wenyewe yanayotokea.

Mduara ukijengwa mahali palipoinama, gari lenye mzigo mrefu huelemea upande wa bondeni linapozunguka. Ukijengwa mwisho wa mteremko, lori lililokosa breki linakuta kisiwa mbele yake. Kwenye njia panda ya kawaida lingekuwa na nafasi ya kunyooka.

Nsalaga Juu (mwanzisha uzi)

Kunyooka na kumvaa nani? Kwenye njia panda ya taa, lori hilo linakuta magari yamepanga mstari kwenye taa nyekundu, daladala ikiwa ya kwanza. Mimi ningependa likutane na kifusi cha udongo katikati ya kisiwa kuliko kukutana na migongo ya watu.

Mzee wa Semi

Nimeshakaa kwenye kiti hicho mara moja, upepo wa breki ukiwa umeisha. Hufikirii kisiwa wala daladala. Unatafuta ukuta wa mlima upande wako ili ujisugue. Nilipata ukuta, ndiyo maana ninaandika. Lakini ninawaambia ukweli: dereva anayejua kwamba mbele kuna kipilefti hushuka gia mapema. Anayejua kwamba mbele kuna taa huangalia kama ni kijani, na akiona kijani huongeza mwendo ili aiwahi. Kwa hiyo sijui. Nilianza uzi huu nikiwa upande wa taa.

Binti Tukuyu

Naomba niwarudishe kwa waenda kwa miguu, kwa kuwa Viazi Mviringo aliachwa peke yake. Nilifanya kazi na wanafunzi wasioona. Kwenye makutano ya taa wao husikiliza: magari ya upande huu yakinyamaza na ya upande ule yakianza kuunguruma, wanajua zamu imebadilika. Kwenye mzunguko sauti haikatiki kamwe. Magari yananguruma kuzunguka kama nyuki, na hakuna dakika ya ukimya inayosema sasa vuka. Kisiwa cha Mhandisi hakimsaidii asiyekiona. Wa baiskeli na mikokoteni nao, hasa kwenye njia mbili, hubanwa pembeni na magari yanayotoka.

Mhandisi Mpole

Binti Tukuyu, hapo sina ubishi. Ni udhaifu unaojulikana hata huko walikoendelea, na dawa yake ni kuweka kivuko kilichoinuliwa kama tuta au taa ya waenda kwa miguu karibu na mduara. Najua Nsalaga Juu atasema taa inahitaji umeme.

Nsalaga Juu (mwanzisha uzi)

Nilikuwa ninaandika hivyohivyo. Hata hivyo, zipo za jua.

Kaka wa Sokomatola

Swali la pembeni kidogo: kwa nini tunasema kipilefti ilhali watu wa vitabuni wanasema mzunguko?

Mwalimu wa Leseni

Kutokana na kibao cha Kiingereza kilichokuwa kikimwamuru dereva ashike kushoto. Watu walikiona kibao pale kwenye duara, wakaliita duara kwa jina la kibao. Kiswahili kikalipokea kama kikombe na vikombe: kipilefti, vipilefti. Jambo la kusikitisha ni kwamba tulichukua jina la amri na kuiacha amri yenyewe.

Dada wa Miyomboni

Na je, katikati kitawekwa nini? Dar es Salaam wana sanamu yao ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Arusha na Moshi wana minara ya saa. Mwanza wana samaki.

Viazi Mviringo

Uyole jibu liko wazi. Kiazi.

Binti Tukuyu

Ndizi. Barabara inakwenda Tukuyu.

Mhandisi Mpole

Chochote kile, mradi kiwe kirefu na kipana kiasi cha kuzuia dereva asione upande wa pili. Watu hudhani ni kasoro, lakini hufanywa kwa makusudi: anayeona barabara imenyooka mbele yake haoni sababu ya kupunguza mwendo. Kiazi kikubwa kinafaa kuliko ndizi.

Njia Panda Makambako

Mnapamba nyumba kabla ya kuchimba msingi. Nilishauliza kuhusu hesabu ya magari na hakuna aliyenijibu.

Mzee wa Semi

Nitakujibu mimi. Keshokutwa ninapeleka saruji Kasumulu na nitalala Uyole nikisubiri nyaraka. Nitakaa pale kwa mama wa chai kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na tanboi atahesabu upande wa Tukuyu.

Bajaji Namba Tatu

Tuhesabu na sisi, Mzee. Na usituhesabu watatu kwa mmoja.